Kipimajoto cha Mlangoni

Jumanne asubuhi Digrii alikunywa chai akiwa amesimama. Mkewe alimfuata kwa macho: mara yuko dirishani, mara mlangoni, mara karudi mezani kuongeza sukari kwenye kikombe ambacho keshakitia vijiko vitatu.

"Baba watoto, hebu kaa."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Kuku anayetafuta pa kutagia ana utulivu kuliko wewe."

Akakaa. Akainuka. Kiti hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye fomu aliyoisaini jana jioni, na bado hakujua liko mstari gani. Alijua tu kwamba lipo, kama unavyojua kuna kijiwe kwenye kiatu kabla hujakivua.

Tumjue kwanza huyu mtu. Digrii hakuwa na digrii. Alikuwa na diploma moja, kaitundika sebuleni juu ya televisheni, na jina alilipata kazini. Mtu akikutwa amefariki na hakuna aliyeona, Digrii ndiye anayeitwa. Anafika na mkoba wake wa ngozi, anapima joto la maiti, anagusa taya, shingo, viwiko na magoti kuona vimekakamaa kiasi gani, anaangalia damu imetulia upande upi wa mwili, kisha anajaza fomu. Fomu ina visanduku ishirini na mbili, lakini watu wote, kuanzia polisi mpaka shemeji wa marehemu, wanarukia kimoja tu: makadirio ya saa ya kifo. "Digrii keshasema," wanaambiana, na mabishano yanaishia hapo. Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumrudishia fomu.

Jumatatu alimpima Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa mgane wa miaka sitini na sita, mtengenezaji wa saa za mkononi na za ukutani, anaishi na mke wa mwanawe na mjukuu wa miezi tisa. Mwanawe mwenyewe alikuwa kazini mbali, kwenye mradi wa barabara, safari ya siku mbili. Saa kumi jioni dada wa marehemu, ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi, alikuja kumsalimia, akafungua mlango wa chumba cha kazi, akamkuta kaka yake kalala chali sakafuni, kisogo kimepasuka. Pembeni kulikuwa na kreti tupu la soda limelala ubavu, na saa ya ukutani imevunjika kioo. Ukutani kulikuwa na msumari mtupu.

Digrii alifika saa kumi na moja. Akatundika kipimajoto cha chumba kwenye kitasa cha mlango kama afanyavyo siku zote. Alikuwa na sababu: zamani alikuwa akikiweka katikati ya chumba, karibu na maiti, mpaka siku mpiga picha wa polisi aliporudi nyuma hatua mbili kutafuta picha nzuri akakisaga kwa kisigino. Toka hapo ni kitasani. Kitasa hakikanyagwi na mtu.

Chumba kilisoma digrii ishirini na nne. Maiti alisoma thelathini na tano na nusu. Hesabu nyepesi: kwenye chumba cha namna hiyo, mwili unaanza polepole, kisha unapoteza kama digrii moja kila saa. Akaandika: kati ya saa saba na saa tisa mchana. Akasaini kwa ule mwandiko wake mzuri ambao walimu walikuwa wakiusifia.

"Nyumba ina saa arobaini," alisema Afande mpelelezi, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha kituo kizima, "na hakuna hata moja ya kutuambia mwenye nazo kafa saa ngapi. Mpaka uje wewe na kijiti chako."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha penye maiti. Na kwa kijiti hicho Afande akamchukua mke wa mwana. Maana binti mwenyewe alikiri kwamba toka saa sita mchana alikuwa ndani ya nyumba ile peke yake na mzee na mtoto mchanga. Na jirani, fundi cherehani wa ukuta wa pili, aliapa kwamba saa saba alimsikia akipiga kelele: "Utaninunia mpaka lini? Fungua!" Kisha kishindo cha sahani. Kisha kimya. Alhamisi saa tatu asubuhi angepandishwa kizimbani, kwa kosa la kuua.

Sasa kijiwe cha kiatuni kilikuwa hiki: Fundi Saa alikuwa mgumu kama ubao. Mwili mzima, toka taya mpaka vidole vya miguu. Mtu aliyekufa saa mbili au tatu zilizopita anaanza kukakamaa taya na shingo, magoti bado yanakunjika. Digrii aliandika kisanduku cha kumi na tatu "amekakamaa mwili wote," na kisanduku cha kumi na nne "saa mbili hadi nne," na visanduku hivyo viwili vikatazamana kama wake wenza. Alijiambia ni bati. Nyumba ya bati huharakisha mambo. Kisha akafunga mkoba, akaenda nyumbani, akalala kama samaki kwenye kikaango, ubavu huu, ubavu ule.

"Nenda kazini," mkewe alimwambia, "ukaiumize sakafu ya serikali, hii yangu nimeipiga deki sasa hivi."

*

Mochwari, Daktari alikuwa keshamaliza. Mwanamke mwembamba, mkimya, anaongea kama anayelipishwa kwa neno.

"Ameanguka," alisema.

"Hakupigwa?"

Daktari akachukua chungwa lake la mchana, akalishika kiganjani. "Kichwa kikiwa kimetulia ukakigonga na nyundo, ubongo unachubuka pale pale ulipogonga. Kichwa kikiwa kinakwenda kikagonga sakafu, ubongo unarushwa ndani, unachubuka upande wa pili. Huyu kapasuka nyuma, kachubuka mbele. Ameanguka chali. Na hakuchukua muda kufa."

Digrii akashusha pumzi. "Basi ni ajali."

"Sijasema ajali. Kuna kuanguka na kuna kuangushwa. Ubongo haujui nani alikuwa nyuma ya kreti." Akaanza kumenya chungwa. "Hilo utasema wewe. Kama wakati ule alikuwa peke yake, ni ajali. Kama alikuwa na mtu, Afande ana kazi. Wewe ndiye mwenye saa."

Hapo ndipo Digrii alipoanza tena kutembea, toka sinki mpaka mlangoni, toka mlangoni mpaka sinki.

"Na tumboni?"

"Mayai. Na mkate. Bado vipande vizima, kama vimemezwa sasa hivi."

Digrii akasimama. "Mayai saa nane mchana?"

"Watu wanakula mayai saa yoyote."

"Chakula cha mchana kilikuwa kwenye sahani nje ya mlango wake. Wali na maharage. Hakikuguswa. Nilikiruka wakati naingia."

Daktari alitafuna kipande cha chungwa taratibu. "Tumbo usilitegemee. Mtu akiwa na hasira au hofu, linasimama kazi. Nimeona chakula cha jioni kikakutwa asubuhi." Akamtazama. "Lakini wewe hukuja hapa kwa ajili ya tumbo. Una nini?"

"Nina magoti," Digrii akasema. "Magoti yake yananisumbua."

"Basi kaa."

"Mbona leo kila mtu ananiambia nikae?"

*

Kituoni, binti alikuwa kwenye benchi la nyuma ya kaunta, mtoto kalala kifuani kwake. Walimletea anyonyeshe. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu hivi, macho yamevimba, lakini kitambaa cha kichwani kimefungwa vizuri, kama mtu aliyeamua kwamba angalau hicho hakitamshinda.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye niliyempima baba mkwe wako. Nina maswali mawili, kisha nitakuacha."

"Ulizeni tu. Nimeshazoea."

"Jana alikula nini, na saa ngapi?"

"Mayai mawili na mkate. Saa mbili kasoro robo. Nilimpa, nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda kliniki ya chanjo. Kadi ina muhuri. Nilirudi saa sita." Akatabasamu nusu, tabasamu likamkimbia. "Alikula huku ananitazama kama yai ni mimi."

"Mligombana?"

"Jumapili. Alitaka kupanda stuli atundike ile saa kubwa ya mteja. Miguu yake yenyewe ilikuwa inamtetemeka siku hizi. Nikamwambia baba, msubiri mwanao, au niite fundi cherehani akusaidie. Akasema nisimfundishe kazi, kaanza kutundika saa kabla mama yangu hajajua kusimama. Basi nikachukua stuli nikaificha chini ya kitanda changu. Akaninunia. Jumapili nzima, Jumatatu asubuhi nzima. Kwa hiyo saa saba nilipogonga asijibu..." Akamrekebisha mtoto kifuani. "Nilijua ananinunia. Nikapiga kelele. Maneno mengine si ya kumwambia mkwe. Nikaibwaga sahani chini nikaondoka."

"Hukufungua mlango?"

"Mlango wa fundi saa haufunguliwi. Akiwa na saa ya mkononi kaifumua mezani, hata upepo wa mlango unapeperusha skrubu. Skrubu ndogo kuliko kichwa cha sisimizi. Mwaka jana nilifungua mara moja, tukatambaa sakafuni wote wawili mpaka jioni tukitafuta." Akamtazama mtoto. "Afande anasema hakuna mtu anayemgombeza mtu mlangoni akakosa kuufungua. Huyo hajawahi kuishi na fundi saa."

Afande, aliyekuwa kaunta akijifanya hasikii, alikohoa.

Digrii alipotoka, Afande alimfuata hadi kibarazani. "Usinitazame hivyo. Mimi simjui binti huyo wala mzee. Najua fomu. Fomu imesema saa saba mpaka saa tisa, na fomu ni yako."

"Nipe ufunguo wa ile nyumba."

"Wa nini?"

"Sijui."

"Hiyo ndiyo sababu bora kabisa niliyowahi kupewa na mtaalamu," alisema Afande, lakini alimpa.

*

Jumatano saa tatu na nusu asubuhi Digrii alifungua nyumba ya Fundi Saa. Ukumbi mwembamba, wazi upande wa uani, upepo unapita kama kwenye filimbi. Mwisho wa ukumbi, chumba cha kazi. Akaingia, na mkono wake, bila kumuuliza, ukatundika kipimajoto kwenye kitasa. Digrii ishirini na tatu.

Chumba kilikuwa cha pembeni, na kiza. Mapazia mazito ya kijani yamefunika kuta mbili. Saa zilikuwa ukutani, rafuni, mezani, kila moja na wakati wake: hii saa moja, ile saa kumi, nyingine imesimama toka mwaka ambao mteja wake alisahau kuifuata. Zote zinagonga gonga, tik huku, tak kule, kama watu wengi wanaonong'ona habari zako. Digrii alizunguka meza. Akatazama msumari. Akatazama chini ya kreti. Akagusa juu ya meza, akapata skrubu moja imemgandia kidoleni, akairudisha kwa adabu. Hakuna kitu. Akazunguka tena. Jasho lilianza kumtoka, akalilaumu shati.

Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, alijilaza. Pale pale, ndani ya alama za chaki za polisi, chali, mikono kama ya marehemu, akatazama bati. Chumba hakikuwa na dari. Aliona misumari, utando wa buibui, na tundu moja dogo la mwanga.

Ndipo mlango ukafunguliwa, na Shangazi akaingia kuchukua nguo za kumzikia kaka yake.

Ukelele aliopiga hata fundi cherehani ukuta wa pili alisimamisha mguu kwenye mashine.

"Mama! Mama, ni mimi!" Digrii aliruka. "Mpima maiti!"

Shangazi alikuwa kajibana mlangoni, mkono kifuani. Mwanamke mrefu, mzee, wa kutisha hata akiwa kaogopa. "Shetani mkubwa wewe! Unataka unifuate na mimi unipime?"

"Nisamehe, mama. Nilikuwa natafuta kitu."

"Kwa kulala? Nyumba nzima ina vitanda, wewe unalala mahali pa marehemu?" Akaketi kwenye kiti cha fundi, akajipepea na kanga. Pumzi iliporudi, na hasira ikarudi nayo. "Unatafuta nini, fomu si umeshaijaza? Yule mwanamke kamsukuma kaka yangu. Kaka yangu kaishi miaka sitini na sita bila kusukumwa na mtu."

"Huenda, mama. Natafuta tu."

"Basi fungua mapazia utafute kama mtu mwenye akili. Utaona nini kwenye kiza hiki?" Akaelekeza kidole. "Hata si kawaida yake. Yeye mapazia alikuwa anafungua kukicha, anafunga jua likizama. Angeona vipi vidude vyake? Mimi ndiye niliyeyafunga juzi."

Digrii aligeuka polepole. "Uliyafunga lini?"

"Nilipomkuta. Jua lilikuwa linampiga usoni, mwili mzima, kama nguo kwenye kamba. Nikaona haya. Maiti wa watu, kaka yangu, aungue na jua kama dagaa, na polisi waje wamkute hivyo? Nikamsitiri. Nikavuta mapazia, nikatoka nikalia."

"Hukumwambia mtu?"

"Nani kaniuliza? Mliuliza nimemkuta saa ngapi, nimegusa nini. Maiti sikumgusa. Pazia ni kitu cha kusema?"

Digrii alikwenda kwenye pazia la kwanza akalivuta. Kisha la pili. Jua la saa nne lilimiminika chumbani toka pande mbili. Nyuma ya mapazia hakukuwa na kuta. Kulikuwa na vioo, toka kiunoni hadi karibu na bati. Fundi alikuwa kajijengea taa ya bure. Mraba mkubwa wa jua ulianguka sakafuni na kulala sawasawa ndani ya alama za chaki, kama umeitwa.

Digrii alitazama sakafu, kisha akatazama kitasa cha mlango, kule kivulini, kwenye upepo wa ukumbini, ambako kipimajoto chake kilikuwa kimening'inia kwa raha zake.

"Ee Mungu wangu," alisema.

"Nini? Kuna nini?"

"Mama, kuna madumu ya maji hapa?"

*

Walipasha maji jikoni, wakajaza madumu mawili ya lita ishirini, yote digrii thelathini na saba, joto la mtu aliye hai. Moja Digrii aliliweka mlangoni, kando ya kitasa. La pili kwenye alama za chaki, na kipimajoto cha akiba juu ya sakafu pembeni yake. Kisha wakasubiri jua lifanye kazi yake.

Na kusubiri ndiko Digrii asikokujua. Kila robo saa alisoma, akaandika, akatoka uani, akarudi. Saa sita chumba mlangoni kilisoma ishirini na nne. Sakafuni kwenye jua kilisoma arobaini. Ilipofika saa saba, zile saa chache za Fundi Saa zenye wakati sahihi ziligonga kwa pamoja, nyingine zikafuata zikisuasua, na Shangazi akastuka.

"Ni saa saba," alisema. "Ndiyo saa ile aliyomgombeza."

Digrii aliinama zaidi kusoma. Alikuwa amepiga magoti kwenye dumu la jua.

"Wewe. Nakuuliza. Hayo maji yanasema nini?"

"Maji si mwili, mama. Lakini la mlangoni limeshuka digrii saba. La jua halijashuka hata mbili."

Shangazi aliyatazama madumu kama ndugu wawili waliokuja na habari tofauti. Hakuwa mjinga, hakuna mjinga anayekuwa shangazi wa mtaa mzima. "Kwa hiyo anaweza kuwa amekufa zamani, na jua likamweka joto."

"Ndiyo."

"Zamani gani?"

"Alikakamaa mwili mzima. Mayai yake ya asubuhi yalikuwa bado tumboni, mazima. Daktari kasema hakuchukua muda kufa. Nadhani alikula, binti akatoka na mtoto, akasubiri mlango ufungwe, akatafuta stuli, akaikosa, akachukua kreti." Digrii alifuta jasho. "Saa mbili na nusu asubuhi. Saa tatu, haizidi."

Saa arobaini zikaendelea kunong'ona. Shangazi alivua miwani, akaifuta na kanga, akaivaa tena, akaivua.

"Binti alikuwa kliniki," alisema.

"Kadi ina muhuri."

"Basi saa saba alikuwa anamgombeza maiti." Akautazama mkono wake. "Nami nimemnyooshea kidole mbele ya watu nikimwita muuaji. Kwa mkono huu uliovuta pazia."

"Mkono wako ulivuta pazia, mama. Wangu ndio uliosaini."

"Usinifariji!" Shangazi alifoka. Kisha, taratibu: "Lile dumu endelea kulipima. Mpaka saa kumi. Nataka nione mwenyewe."

Wakapima mpaka saa kumi. Kwenye daftari la Digrii namba za safu moja zilishuka ngazi kama mzee, za safu ya pili zilikaa. Shangazi ndiye aliyesoma mara ya mwisho, akiwa ameinama, kanga kaikunja kiunoni: mlangoni ishirini na saba, juani thelathini na sita.

*

"Rudia," alisema Afande, saa kumi na moja, nyuma ya meza yake.

Digrii alirudia, akiwa amesimama. Shangazi alikuwa pembeni yake kama askari wa akiba, na kila alipofika kwenye pazia, alisema, "Kweli, ni mimi," kwa sauti ya mtu anayejitolea kunyongwa.

Afande alisoma daftari. Akasoma tena. Akampigia Daktari simu, Daktari alisema maneno manne, mawili kati ya hayo yakiwa "magoti" na "mayai."

"Sawa. Andika taarifa ya nyongeza. Sema hali ya hewa imebadilisha makadirio."

"Hali ya hewa haijabadilisha kitu. Nilikosea mimi. Nilipima ukumbi nikaita chumba."

Afande akaegemea kiti, kikalia. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ilimtisha Digrii kuliko ile kubwa. "Nisikilize, ndugu yangu. Hali ya hewa ni shauri la Mungu. Lakini ukiandika nilikosea, nilipima mlangoni kama siku zote, hiyo 'siku zote' kila wakili wa kesi zako za zamani atakuja nayo mkononi. Umenielewa?"

Digrii alielewa. Hicho ndicho kijiwe chenyewe, sasa kiatu kimevuliwa. Alichukua fomu mpya. Kwenye kisanduku cha saa ya kifo akaandika: kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Namna ya kifo: kuanguka, bila dalili ya mtu mwingine kuwepo. Kwenye maelezo, kwa mwandiko wake mzuri, akaandika alivyopima, wapi alitundika, na kwamba ndivyo alivyozoea kufanya. Kalamu ilimsumbua kwenye neno "nimezoea," ikatoboa karatasi. Akasaini juu ya tundu.

Binti aliletwa. Hakuelewa mara moja. Alimtazama Afande, akamtazama Shangazi, akamshika mtoto vizuri zaidi, kama kuna mtu angemnyang'anya. Shangazi alikwenda hadi mbele yake, akasimama, akamchukua mtoto, akamweka mgongoni mwake yeye mwenyewe na kuanza kumfunga kanga vibaya, mpaka binti akamsaidia.

"Hivi, shangazi. Fundo liwe huku."

"Najua," Shangazi alisema, analia. "Nimelea watu sita."

Walipokuwa wanatoka, binti akarudi. Akamvuta Digrii pembeni, karibu na tangazo la namba za dharura.

"Nikuulize kitu. Useme kweli."

"Sema, mwanangu."

"Pale saa saba. Ningefungua mlango badala ya kupiga kelele. Ningemkuta hai?"

Hili, angalau, Digrii alilijua kama jina lake. Aliinama kidogo ili macho yao yawe sawa. "Hapana. Alikuwa ameshafariki toka asubuhi, ukiwa kwenye foleni ya chanjo. Hata ungeufungua mlango, usingemkuta hai."

"Hakusikia nilivyomsema?"

"Hakusikia hata neno moja."

Binti alifunika mdomo, akatikisa kichwa, akawafuata Shangazi na mtoto. Alipofika barabarani alitembea kama mtu aliyetua mzigo na bado mgongo haujaamini.

Digrii alirudi kwa Afande.

"Ufunguo wa stoo ya mafaili."

"Kumekuchwa. Nenda nyumbani."

"Nipe."

Afande alimtazama muda, kisha akavuta droo. "Unatafuta nini?"

"Madirisha."

Stoo ilikuwa na dirisha dogo juu na mwanga wa mwisho wa siku. Miaka kumi na tisa, imefungwa kwa kamba, mwaka kwa mwaka. Alivuta bunda la kwanza lililokuwa karibu, akapuliza vumbi, akafungua. Joto la chumba: limesomwa mlangoni. Lililofuata: mlangoni. Lililofuata: mlangoni. Herufi zote zimesimama wima, nzuri, hazina wasiwasi. Nyingi hazikuwa na ubaya. Mtu kafa kitandani, kivulini, hakuna aliyeshtakiwa. Aliziweka kushoto. Kisha akafika kwenye moja, ya miaka sita iliyopita, na mkono ukagoma kugeuza ukurasa. Mwenye duka. Duka la kioo mbele, jua la asubuhi. Aliyeshitakiwa kwa kumuua alikuwa mdogo wake mwenyewe, na sasa yuko gerezani mwaka wa tano.

Simu ililia mfukoni.

"Baba watoto, chakula kinapoa. Uko wapi? Umekaa?"

"Bado," alisema Digrii, akaliweka faili lile kulia, peke yake, na kufungua lililofuata.